Vitabu vya Kumsaidia Mtu Mwenye Mawazo Mengi



Kila juma watu hufika hospitali wakisema kwamba kichwa kinauma, tumbo linawaka, moyo unapiga mbio, na usingizi umekimbia. Damu hupimwa, na malaria haionekani. Choo hupimwa, na wadudu hawaonekani. Ndipo munganga huuliza, "Mama, kuna neno gani moyoni?" Naye mama huinamisha kichwa na kujibu, "Mawazo ni mengi."

Ugonjwa huo ni ugonjwa wa kweli. Si uongo, wala si uvivu, wala si alama ya kwamba mtu amerogwa. Yuko munganga wa kuusikiliza, na dawa ziko kwa wale wanaozihitaji. Lakini wako wagonjwa wanaouliza tena kabla ya kurudi nyumbani, "Je, kuna kitabu ninachoweza kusoma, kinisaidie huko mlimani?" Ulizo hilo ni jema. Somo hili linalijibu.

1. MAWAZO MENGI NI NINI?

Watu wa Masisi na Walikale hawakosi sababu za huzuni. Mwezi wa Machi 1993 vita ilianza Ntoto, katika Walikale, ikafika Masisi mwaka uleule. Watoto waliozaliwa wakati ule sasa ni wazazi, nao wamekimbia na watoto wao kama vile walivyobebwa mgongoni na mama zao. Mapigano yalifika mji wa Masisi Januari 2025, na mji wa Walikale Machi 2025. Mtu aliyeacha shamba la maharagi bila kulivuna, aliyezika mtoto kando ya njia, au asiyejua mume wake yuko wapi, si ajabu akikosa usingizi.

Shirika la Afya la Ulimwengu, ambalo huku tunaliita OMS, lilitoa hesabu mwaka 2019. Lilisema kwamba mahali palipopita vita katika miaka kumi iliyotangulia, karibu mtu 1 katika kila 5 ana ugonjwa wa akili, mdogo au mkubwa. Basi, mahali kama hapo, kusanyiko la watu 100 laweza kuwa na watu 20 hivi wenye kuugua kwa siri. Hauko peke yako.

Tena jambo hili si la nchi yetu tu. Washona wa Zimbabwe wana jina lake, wanaliita kufungisisa, maana yake ni kuwaza mno. Huko Harare, tangu mwaka 2006, munganga Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wenye umri mkubwa kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya na kuwasikiliza wenye kuwaza mno. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, wagonjwa walioketi na mabibi hao walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliopata matunzo ya kawaida.

Alama za mawazo mengi ni hizi: kukosa usingizi au kuota mambo ya kutisha, kukosa hamu ya chakula, kuchoka bila kazi, kukasirika upesi na watoto, kushtuka mlango unapogonga, kusahau, kulia bila kujua sababu, kutopenda tena yale uliyoyapenda. Karibu kila mtu aliyepatwa na msiba ataona alama hizo kwa siku chache. Lakini zikidumu majuma mawili au zaidi, hata kazi za kila siku zikashindikana, yafaa mtu atafute msaada.

2. JE, KITABU CHAWEZA KUMSAIDIA MGONJWA?

Ndiyo, chaweza, kikitumiwa vema. Tuangalie mambo yaliyojulikana.

Mwaka 1924 mwanamke mweusi aitwaye Sadie Peterson Delaney alifika Tuskegee, Marekani, kutunza vitabu katika hospitali ya askari weusi. Wengi wa askari hao walikuwa wamerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wengine wamepofuka, wengine wakiwa na akili iliyovurugika. Alikuta vitabu 200 hivi tu. Mama huyo aliongea na kila mgonjwa, akauliza anapenda nini na anaogopa nini, ndipo akamchagulia kitabu kimoja. Wale wasioweza kuondoka kitandani aliwapelekea vitabu kwa kigari. Alifanya kazi hiyo miaka 34, hata akafa mwaka 1958.

Huko Uingereza, tangu mwaka 2013 waganga waweza kumwandikia mgonjwa jina la kitabu kama wanavyoandika dawa, naye hukiazima bure katika maktaba ya mji wake.

Na karibu nasi zaidi, katika makao ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio moja. Baadhi yao waliketi vikundi vikundi mara tano, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, na kila mmoja akapewa kitabu cha picha cha kwenda nacho nyumbani. Baada ya miezi mitatu dhiki ya mioyo yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakufundishwa hivyo.

Kitabu hufanyaje kazi hiyo? Hufanya kwa njia nne. Kwanza, kinakupa jina la ugonjwa wako, na jambo lenye jina halitishi kama jambo lisilo na jina. Pili, kinakuonyesha kwamba mwingine amepita njia hiyohiyo, akafika ng'ambo. Tatu, kinakupa kazi ndogo ya kufanya leo. Nne, kinaipumzisha akili kwa kitambo, isizunguke mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Lakini tujue jambo moja zaidi. Wenye kuchunguza mambo haya wameona kwamba kitabu humsaidia mtu zaidi ikiwa yuko mtu wa kumwongoza, hata kwa mazungumzo mafupi. Kitabu ni mwenzi wa safari. Sicho munganga.

3. JINSI YA KUCHAGUA KITABU

Hutaki kumeza kidonge usichokijua kwa sababu tu kina rangi nzuri. Fanya vivyo hivyo kwa kitabu. Kabla ya kukisoma, ukiulize maulizo haya:

a) Kiko katika lugha ninayoielewa? Mtu mwenye moyo mzito huchoka upesi. Kama Kifaransa kinakupa shida, usijitese nacho. Tafuta cha Kiswahili, au umwombe mtu akueleze kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda.

b) Ni kifupi, au chaweza kusomwa vipande vipande? Kurasa mbili zinazoeleweka zafaa kuliko kitabu kinene kilichofungwa kabatini.

c) Kinasema kweli juu ya mateso? Kitabu kinachosema kwamba mtu mwema hawezi kuhuzunika, hicho kitamwongezea mgonjwa mzigo wa pili.

d) Kinanipa jambo la kufanya, au kinanitisha tu? Jiulize baada ya ukurasa wa tatu: moyo umepata nafasi, au umebanwa zaidi?

e) Kinamlaumu mtu wa nyumbani mwangu? Viko vijitabu vinavyofundisha kwamba huzuni yako imeletwa na mtoto mchawi, au na mama mkwe, au na jirani wa kabila lingine. Weka chini karatasi hiyo. Watoto wamepigwa, wamefukuzwa nyumbani, kwa mafundisho ya namna hiyo.

f) Kinaniambia niache dawa, au nitoe fedha? Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa yake ghafula, kifafa chaweza kumrudia kwa nguvu hata kumwua. Hakuna kitabu, wala mhubiri, wala mwuza mafuta, mwenye haki ya kukuambia uache dawa aliyokupa munganga. Ukitaka kuiacha, zungumza na munganga mwenyewe.

4. VITABU VINAVYOFAA

Sasa nitakutajia vichache. Huhitaji vyote. Kimoja kinachokufaa chatosha.

Kwa mtu aliyelemewa na wasiwasi. OMS ilitoa mwaka 2020 kitabu cha picha juu ya kufanya yaliyo ya maana wakati wa dhiki. Ndicho kitabu cha wale wanawake wa Rhino. Kiko kwa Kifaransa na lugha nyingine nyingi, tena ni bure, pamoja na sauti za kusikiliza. Kinafundisha mambo matano: kutuliza moyo mahali ulipo, kujinasua na mawazo yanayokushika kama ndoana, kufanya yale unayoyaona kuwa ya thamani, kuwa mpole kwa wengine na kwa nafsi yako, na kuyapa mawazo magumu nafasi bila kupigana nayo. Jambo la kwanza waweza kulijaribu sasa hivi. Keti. Kandamiza nyayo chini polepole. Vuta pumzi, uitoe taratibu. Angalia ulipo na utaje vitu vitano unavyoviona: sufuria, mlango, jembe, kuku, mlima. Sikiliza sauti moja. Gusa nguo yako. Mawazo yako bado yapo, lakini wewe uko hapa, na miguu yako i juu ya nchi.

Kwa mtu aliyefiwa au aliyeona mabaya ya vita. Harriet Hill, Margaret Hill na wenzao waliandika kitabu juu ya kuponya majeraha ya moyo, kilichotolewa Nairobi mwaka 2004 kwa ajili ya makanisa, na tangu hapo kimefasiriwa kwa lugha nyingi za Afrika. Kinafananisha matanga na safari ya vijiji vitatu. Kijiji cha kwanza ni cha kukana na hasira. Cha pili ni cha kukosa tumaini. Cha tatu ni cha kuanza upya. Mtu hupita vyote vitatu, na pengine hurudi nyuma siku kadhaa, kisha huendelea. Tena kinaonya juu ya daraja la uongo, yaani kumwambia mfiwa avuke upesi mpaka kijiji cha tatu. Hilo tunalifanya mara nyingi tunapomwambia mama, "Usilie, umshukuru Mungu." Mwache alie. Machozi si ukosefu wa imani.

Kwa mtu asiyeweza kuomba. Zaburi zote ni 150, na nyingi katika hizo ni za kulalamika. Waimbaji wake wanauliza maulizo makali, wala hawakukatazwa. Soma Zaburi ya 88: inamalizika gizani, bila neno la furaha mwishoni, nayo haikutolewa katika kitabu. Basi hata sala isiyo na furaha ina mahali pake. Soma pia habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii huyo alitaka kufa. Kabla ya kuambiwa neno lolote juu ya kazi yake, aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akaachwa alale tena. Hiyo ni matunzo mema ya mgonjwa, na kila mwuguzi aweza kujifunza hapo. Na rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya. Walikosea walipoanza kusema.

Kwa mtu anayekata tamaa. Mwingereza John Bunyan alifungwa gerezani miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri. Mwaka 1678 alitoa kitabu chake juu ya safari ya Mkristo, kilichofasiriwa Kiswahili zamani. Ndani yake msafiri anazama katika matope ya kukata tamaa, na baadaye anafungwa na jitu linalompiga na kumshauri ajiue. Anapona anapokumbuka kwamba ufunguo ulikuwa kifuani mwake siku zote. Kitabu hiki msome wawili, usikisome peke yako usiku.

Kwa mtu anayependa Kiswahili kizuri. Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi tangu 1909 hata 1962, aliandika habari za maisha yake katika kitabu kiitwacho Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Alifiwa na mkewe, akabaki na watoto wa kulea. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini mwenye kufiwa yeyote atamwelewa. Anaonyesha jinsi mwanamume aweza kusema huzuni yake waziwazi bila kupungukiwa heshima. Wababa wa kwetu wanalihitaji somo hilo, maana wengi wao huizamisha huzuni katika kasiksi na kanyanga, na asubuhi wanaikuta imekuwa kubwa zaidi.

Kwa watoto. Mwaka 2014 huko Afrika Kusini ilianzishwa kazi iitwayo African Storybook, inayotoa hadithi fupi za picha bure, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Mtoto aliyeacha kusema au aliyerudi kukojoa kitandani baada ya kukimbia hahitaji mahubiri. Mweke karibu, umsomee hadithi ileile kila jioni. Kule kurudiarudia kunamfundisha kwamba liko jambo moja duniani lisilobadilika.

Kwa waganga na wauguzi. Kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner kinasaidia kwa magonjwa ya mwili kijijini. Kwa magonjwa ya akili, Vikram Patel, aliyefanya kazi Zimbabwe, alitoa mwaka 2003 kitabu kwa ajili ya mahali pasipo na munganga wa akili. Kikatolewa upya mwaka 2018. Na OMS ina kitabu cha maongozi kiitwacho mhGAP, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, kwa ajili ya vituo vya afya visivyo na wataalamu.

5. TUTAVIPATA WAPI?

Najua utasema, "Mwandishi, huku kwetu Pinga hakuna duka la vitabu. Na vile tulivyokuwa navyo viliungua pamoja na nyumba." Ni kweli. Kwa hiyo fanya hivi.

Kwanza, uliza karibu. Mchungaji, mwalimu wa shule, katekista, na mwuguzi mkubwa wa kituo cha afya mara nyingi wana kitabu kimoja au viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuviomba. Masisi ina zone za afya nne: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale vilevile ina nne: Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Uliza katika ofisi ya zone yako kama wana vitabu vya OMS, au kama wanaweza kuvipata.

Pili, tumia simu. Vitabu vya OMS na hadithi za watoto zinapatikana bure. Mtu mmoja anayekwenda mahali penye mtandao aweza kuzipakua, akaziweka katika kadi ya simu, na kuwagawia wengine bila kulipa tena. Sauti zaweza kusikilizwa na watu kumi kwa simu moja.

Tatu, nakili kwa mkono. Chukua daftari, andika humo zoezi moja, zaburi moja, na mstari wako mwenyewe juu ya siku ya leo. Daftari hilo ni kitabu chako. Ukilazimika kukimbia, ni jepesi kuliko sufuria.

Nne, vitunze. Mvua za Walikale na mchwa havina huruma kwa karatasi. Funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kining'inize juu mbali na ukuta wa udongo, na kianikwe kivulini mara moja kwa mwezi. Andika katika karatasi ni nani amekiazima na siku gani.

6. NAMNA YA KUSOMA

Dawa nzuri ikinywewa vibaya haiponyi. Soma hivi:

Soma kidogo. Dakika kumi zatosha. Soma mchana, kabla ya kazi au baada ya kula. Usisome mambo ya vita wakati wa kulala.

Fanya jambo moja lililosemwa. Kama kitabu kinasema utembee, tembea mpaka kisimani. Kama kinasema umtembelee rafiki, nenda. Kusoma bila kufanya ni kama kumtazama mwenzio akila bugali na sombe wakati wewe una njaa.

Ukiona moyo unapiga mbio au picha za mabaya zinarudi, funga kitabu. Hujashindwa. Weka nyayo chini, taja vitu vitano, nenda kukaa na watu.

Mwambie mtu mmoja uliyoyasoma. Chagua mtu mwenye siri.

Lakini wasiojua kusoma watafanyaje? Hao ni wengi, na mara nyingi ndio waliopatwa na mabaya zaidi. Wasidhani kwamba somo hili si lao. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya wanawake 405 wa vijiji vya Kivu waliotendewa jeuri ya mwili. Wengi hawakujua kusoma. Katika vijiji vingine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walifundishwa katika vikundi, na mafundisho yakarahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili nzito za huzuni na wasiwasi katika vikundi walikuwa 9 kwa 100, na kwa wale wengine 42 kwa 100. Wenye kufundisha hawakuwa waganga wakubwa, bali Wakongomani waliopewa mafundisho na kusimamiwa vema.

Basi anzisheni kikundi cha kusomeana. Watu sita au kumi, mara moja kwa juma, chini ya mti au katika chumba cha kanisa. Mmoja asome polepole, kwa sauti. Kisha wote wakae kimya kidogo. Kisha aulize, "Neno gani limetugusa? Tutafanya nini juma hili?" Kanuni ziwe tatu. Yanayosemwa hapa hayatoki hapa. Hakuna mtu atakayelazimishwa kusimulia yaliyompata, maana kumlazimisha mtu kusimulia kwaweza kumjeruhi tena. Na hakuna kuuliza kabila la mtu. Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu na Mtutsi, wote hukosa usingizi kwa namna moja.

7. WAKATI KITABU HAKITOSHI

Soma sehemu hii mara mbili, msomaji, maana hapa ni uzima wa mtu.

Usimpe kitabu, bali mpeleke kwenye kituo cha afya siku ileile, mtu huyu: anayesema anataka kufa au kujiua, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyekula wala kunywa, asiyelala kabisa usiku baada ya usiku na kusema ovyo, anayeanguka kifafa, na mama aliyejifungua karibuni anayemwogopa mtoto wake au anayetaka kumdhuru.

Ukiwa na shaka kama mtu anawaza kujiua, mwulize waziwazi, kwa upole: "Ndugu yangu, umefika mahali pa kutaka kujiua?" Usiogope. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi kunamfungulia mlango. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni nyumbani dawa za kuua wadudu wa shamba, kamba, panga na bunduki. Mpelekeni, hata ikiwa ni kwa chukudu au machela. Msimkaripie njiani.

Na mtu aliyenajisiwa, mwanamke, mwanamume au mtoto, afike kwa munganga kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba yaweza kutolewa hata siku ya tano, lakini mapema ni bora. Hata siku hizo zikiwa zimepita, aje. Hakosi msaada, wala hakosi heshima.

Kwa magonjwa makubwa ya akili kuna Tulizo Letu mjini Goma na Sosame mjini Bukavu, vituo vilivyoanzishwa na Mabruda wa Shirika la Upendo. Lakini njia ni ndefu na pengine imefungwa. Kwa hiyo anza katika kituo kilicho karibu nawe. Dawa nyingine zaweza kuanzwa hapohapo.

MAULIZO YA KUJIBU

1. Taja alama nne za mawazo mengi. Zikidumu muda gani yafaa kutafuta msaada?
2. Kitabu humsaidia mgonjwa kwa njia nne. Ni zipi?
3. Jirani amekuletea kijitabu kinachosema uache dawa ya kifafa. Utamjibu nini?
4. Daraja la uongo ni nini? Je, umewahi kuambiwa ulivuke?
5. Ni nani katika kijiji chako asiyejua kusoma, naye ana mawazo mengi? Utamsomea nini, na siku gani?

KAZI YA JUMA HILI

Tafuta kitabu kimoja tu. Ukikikosa, tumia kijitabu hiki. Soma sehemu ya nne pamoja na mtu mwingine, mfanye zoezi la kukandamiza nyayo chini kwa siku saba, asubuhi na jioni. Siku ya nane mwambie mwuguzi wako kama usingizi umebadilika. Kisha mpe mwingine kijitabu hiki, maana huko kilimani yuko anayekingoja.